Maji ya moto hayaponyi saratani

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ukidai kuwa kuoga maji ya moto sana huamsha "protini za joto" zinazoua saratani na kusafisha ubongo. Si kweli.

Joto huziongeza protini hizo kweli, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Lakini kazi ya HSP70 na HSP90, ambazo ni aina mbili za protini hizo, ni kusaidia protini nyingine zijikunje vizuri zipate umbo lake sahihi, na hazichagui seli nzuri au ya saratani. Seli ya saratani huitegemea HSP90 ishikilie protini zake zenye kasoro zisivunjwe. Ndiyo maana watafiti wamejaribu dawa za kuizuia. Kwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, protini iitwayo tau hufanya mabonge ndani ya seli za neva, na hizi protini za joto zinazosaidia nyingine huzidiwa.

Ukiupokea ujumbe huo, tafuta: dai lake limejaribiwa kwa wagonjwa, au kwa seli za maabara tu? Tafadhali usiusambaze, na mgonjwa asiache dawa zake.