Nimeacha mayai, mbona kolesteroli haishuki?

Nimeacha mayai na nyama ya mafuta, lakini kipimo bado kiko juu. Kolesteroli inatoka wapi?

Nyingi inatoka mwilini mwako mwenyewe. Chakula huchangia sehemu ndogo tu. Malighafi yake ni asetili-koA, kipande kidogo kinachopatikana mwili unapovunja wanga na mafuta. Hata mtu asiyegusa chochote cha mnyama, kolesteroli anayo.

Kama ina madhara, mwili unaitengeneza ya nini?

Bila hiyo hatuishi. Kila seli imezungukwa na utando wa tabaka mbili za mafuta yaitwayo fosfolipidi. Kolesteroli hujipenyeza katikati yake, ikazuia utando usilegee kwenye joto wala usikakamae kwenye baridi. Hiyohiyo hutumika kutengeneza nyongo na homoni kama kotisoli, estrojeni na testosteroni. Ubongo hujitengenezea ya kwake, maana ile ya kwenye damu haivuki kuingia humo.

LDL na HDL kwenye karatasi ya maabara ni nini?

Mafuta hayachanganyiki na maji ya damu, kwa hiyo husafirishwa ndani ya vifurushi vyenye ganda la fosfolipidi na protini. LDL na HDL ni aina mbili za vifurushi hivyo. LDL hubeba kolesteroli nyingi kuliko vyote. HDL hukusanya ziada na kuirudisha kwenye ini. Kolesteroli iliyomo ni ileile. LDL ikizidi kwa miaka, hupenya ukuta wa ateri na kuanza kujijenga humo.

Nani anaamua ibaki kiasi gani kwenye damu?

Hapa ndipo penye jibu la wengi waliokata tamaa na mlo. Ini, zaidi ya kiungo kingine chochote, huondoa LDL kwenye damu kwa kutumia vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Kipokezi hushika LDL, huzama nayo ndani ya seli, huiachia, kisha hurudi juu kushika nyingine. Mzunguko mmoja ni kama dakika 10. Kazi hii waliifumbua Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Ndani ya seli kuna protini iitwayo SCAP inayohisi kiasi cha kolesteroli. Ikipungua, SCAP huisindikiza protini nyingine, SREBP, hadi mahali inapokatwa. Kipande chake huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kutengeneza kolesteroli pamoja na za kuongeza vipokezi. Ikitosha, vyote viwili hupungua. Ndiyo maana ini lililoshiba huiacha LDL izagae kwenye damu.

Mafuta ya nazi yameandikwa "hayana kolesteroli". Si salama?

Maandishi ni ya kweli, ila yanapotosha. Mimea karibu haina kolesteroli kabisa, lakini mafuta yenye asili ya kuganda hupunguza kazi ya vile vipokezi vya ini. Mafuta ya nazi yana mafuta ya aina hiyo kwa zaidi ya asilimia 80, kuliko hata siagi; mawese ni karibu nusu; alizeti ni kidogo sana. Simwambii mtu wa pwani asipike kwa tui. Namwomba aangalie wingi na mara ngapi kwa wiki, na ya kukaangia atumie alizeti.

Maharage, kunde na choroko zisikose. Nyuzinyuzi zake hushika asidi za nyongo na kutoka nazo chooni, ini likalazimika kuchota kolesteroli kutengeneza nyingine.

Mimi mwembamba. Naweza kuwa na kolesteroli ya juu?

Ndiyo. Kuna wanaozaliwa na jeni yenye kasoro ya vipokezi, takriban mtu 1 kati ya 300, na LDL yao huwa juu tangu utotoni. Wengine huota vivimbe vigumu kwenye kano la kisigino au juu ya vifundo vya vidole. Kama baba au kaka yako alipata shtuko la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 60, nenda kapime, na watoto wako wapimwe.

Natumia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, na majibu sasa ni mazuri. Niache?

Usiache bila daktari wako. Statini huzuia kimeng'enya kinachoamua kasi ya kutengeneza kolesteroli. Seli za ini zikihisi upungufu, SREBP huamka, vipokezi huongezeka na LDL huvutwa kutoka kwenye damu. Majibu mazuri ni kazi ya dawa; ukiacha, ndani ya wiki chache LDL hupanda tena. Ukiumwa misuli bila sababu, hasa mkojo ukiwa wa kahawia, wahi hospitali. Na kama una ujauzito au unapanga kuupata, mwambie daktari mapema.