Kukatwa ovari ili upate mtoto: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Daktari, niondolee hivi vivimbe nizae." Naambiwa hivyo kliniki hapa Kampala na wake wa wanajeshi wa Bombo, na wafanyabiashara wa Arua, na dada zetu waliotoka Kongo. Karibu kila mmoja ana karatasi ya skani iliyokunjwa mpaka inachanika kwenye mikunjo, na mstari ni ule ule: ovari zote mbili zina vivimbe vidogo vingi. Kabla ya kufika kwangu ameshaionyesha kwa mama mkwe, kwa mchungaji na kwa muuza miti shamba wa soko la Owino. Wengine wameshauza ng'ombe kwa ajili ya upasuaji ambao hakuna aliyewaeleza una kazi gani.

Karatasi hizo mara nyingi ni za PCOS, hali ya homoni kuvurugika ambayo hufanya ovari zionekane zimejaa vivimbe. Mwanamke mwenye PCOS hana vivimbe vya kuondolewa. Vile viduara vyeusi vilivyojipanga pembezoni mwa ovari kama shanga ni folikoli, kila moja ina milimita 2 hadi 9, na ndani yake mna yai. Zilianza kukua zikakwama njiani kwa sababu homoni zimevurugika: mara nyingi insulini iko juu, androjeni (homoni za kiume) iko juu, na hakuna folikoli moja inayowatangulia wenzake ikakomaa. Yai halipevuki, hedhi inapotea miezi miwili mitatu, mimba haitungwi. Ukizikata hizo umekata mayai. Mwanamke huzaliwa na mayai kati ya milioni 1 na 2. Akivunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000, na mwili hautengenezi mengine. Hakuna kidonge, mti wala sindano inayorudisha yaliyotupwa kwenye ndoo ya thieta, chumba cha upasuaji. Hili nalirudia kila wiki, na bado kuna zahanati zinazowaambia wanawake kwamba "ovari itasafishwa".

Imani hii ina asili yake. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, walieleza habari za wanawake 7 wenye hali hiyo. Waliwakata kipande cha kila ovari na hedhi ikarudi. Kwa miaka mingi hiyo ikawa ndiyo tiba. Kisha madhara yakaonekana: makovu yalizishika ovari na mirija, na mwanamke aliyekuwa na tatizo la homoni tu akaongezewa la mirija. Dawa za kupevusha mayai zilipopatikana, upasuaji ule ukaachwa.

Kinachofanyika siku hizi ni kutoboa ovari kwa laparoskopi (kamera inayopitishwa kwenye tundu dogo la tumbo), njia iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1984. Ovari hutobolewa matundu machache, mara nyingi 4 kila upande, kwa sindano ya umeme na kwa sekunde chache tu, ili homoni za kiume zipungue na yai lipevuke. Wapo wanaofaidika, hasa walioshindwa na vidonge, na hatari ya kubeba mapacha ni ndogo kuliko kwa dawa. Lakini ni hatua ya pili. Daktari akikupangia thieta kabla hujameza hata kidonge kimoja, muulize sababu, na usimwonee haya.

Kidonge chenyewe ni letrozoli, siku 5 mwanzoni mwa mzunguko. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2014, wanawake 750 wenye PCOS walipewa ama letrozoli ama Clomid, dawa nyingine ya kupevusha mayai, kwa mizunguko isiyozidi 5. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa Clomid. Wengi hunirudia na hofu kwa sababu karatasi iliyo ndani ya boksi inataja saratani ya matiti. Ni kweli hutumika huko pia, maana hushusha estrojeni. Kushuka huko kwa siku chache ndiko kunakoamsha ubongo utoe homoni ya kukuza yai. Na ukiwa na kilo 90, kupungua kilo 5 hadi 9 peke yake kunaweza kurudisha hedhi. Nimechoka kusikia kwamba nikisema hivyo namfukuza mgonjwa. Ni tiba kama tiba nyingine: acha soda, acha rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya saa nne usiku, shuka boda mapema umalizie kwa miguu.

Je, hakuna uvimbe wa kukatwa? Upo. Uvimbe wa maji wa sentimita 3 au 4 kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi mara nyingi huisha wenyewe. Rudia skani baada ya wiki 8 hadi 12. Ukiwa mkubwa sana, unakua, au una sehemu ngumu ndani, hapo tuzungumze upasuaji. Ule unaokutwa na nywele, mafuta na meno haujatupwa na jirani mwenye wivu. Unatokana na seli za mayai zilizokua bila mpangilio. Na maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kutapika si ya kungojea asubuhi, kwa sababu ovari huenda imejisokota. Hata ikiwa imeshageuka nyeusi, mara nyingi ikisokotolewa mapema inapona. Ndugu anayesaini aulize hilo kabla ya kuruhusu itolewe.

Uvimbe wa endometriosisi, yaani tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi inapoota nje yake, hapa kwenye ovari, ndio mgumu kuamua. Unapovuta ganda lake litengane na ovari, utepe mwembamba wa ovari nzima hutoka nalo, na mayai yamo. Damu ikichuruzika unaichoma isimame, na hapo unachoma mengine. Mikono mizuri hupunguza hasara, haiifuti. Ndiyo maana nataka kipimo cha AMH, kipimo cha damu kinachokadiria akiba ya mayai, kabla, hasa kama umepita miaka 35 au ulishakatwa upande huo. Maumivu makali ni sababu nzuri ya upasuaji. Kuambiwa kwamba lazima ukatwe kwanza ndipo ufanyiwe IVF (yai kurutubishwa maabara), huo si utaratibu. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2004, na wengi wanaofanyiwa hawahitaji kuguswa ovari kwa kisu.

"Nimebaki na ovari moja, sitazaa." Si kweli. Moja inatosha kupevusha yai na hedhi huendelea.

Tena mara nyingi ovari hazina kosa. Kwetu huku mirija iliyoziba ni chanzo kikubwa cha ugumba: klamidia na kisonono visivyotibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Utatobolewa ovari zote mbili na yai halitapata pa kupita. Fanya eksirei ya mirija.

Na mume apime. "Ana watoto kwa mke mwenzangu" haitoshi. Mbegu za miaka kumi iliyopita si za leo. Akae siku 2 hadi 7 bila kukutana na mke, alete sampuli. Mbegu chini ya milioni 16 kwa mililita moja ni chache kwa kipimo cha WHO, Shirika la Afya Duniani. Sipangi upasuaji wa ovari kwa ajili ya mtoto mpaka majibu yake yawe mezani, na wazee wanaokasirika nawaacha wakasirike.

Kama umeshafanyiwa upasuaji, usitoke wodini bila maelezo yake kwa maandishi: ovari ipi iliguswa, kilitolewa nini, mrija uliachwa au ulikatwa, majibu ya maabara yanakuja lini. Piga picha karatasi hiyo kwa simu. Daktari atakayekupokea baadaye asipoiona, anabaki kukisia.