Je, wajua kwa nini dirisha la kubadilishana vitu kwenye gemu linakuuliza mara mbili?

Kama umeshacheza gemu la mtandaoni ambalo wachezaji wanauziana au kubadilishana vitu, lile dirisha utakuwa unalijua, kushoto vitu vyako, kulia vya mwenzako, unabonyeza kukubali, afu badala ya biashara kuisha linafunguka lingine linakuuliza tena, una uhakika? Wengi tunabonyeza hata bila kusoma, tunaona usumbufu tu. Ila hilo swali la pili halikuwekwa kwa bahati mbaya, limewekwa kwa sababu kuna watu walilia sana kabla halijakuwepo.

Chukua RuneScape, gemu la Uingereza la kampuni ya Jagex, lilitoka mwaka 2001. Mwanzoni kabisa dirisha lilikuwa moja tu. Tapeli anaweka kitu cha maana, mnapatana, wewe mkono uko kwenye kitufe, na sekunde hiyohiyo anakitoa anaweka kingine kinachofanana nacho kwa picha, au anagusa idadi tu, 100,000 inakuwa 10,000, sifuri moja imeondoka na jicho halijashtuka. Umebonyeza, imeisha. Ni karata tatu zilezile za stendi ya basi, unaiangalia karata kwa macho yako mawili na bado inakuponyoka, kwa sababu wakati wa kuichagua sio wakati wa kuilipia.

Ndo Jagex wakaleta dirisha la pili. Humo hakuna kuongeza wala kutoa, vitu vimeandikwa kwa maneno, jina la kitu na idadi yake, na onyo kwamba ukikubali hakuna kurudi nyuma. Baadaye wakaongeza na alama nyekundu ya mshangao inayotokea pale mtu anapotoa kitu alichokuwa ameshakiweka. Kwa hiyo ukiona alama nyekundu usiulize "vipi mbona umetoa", funga dirisha, anza upya, kama mtu yuko serious atarudi.

Sasa hapa ndo penyewe. Babu zetu kwenye biashara walikuwa na maneno mawili, kuna nipe nikupe, na kuna mali kauli. Nipe nikupe huhitaji kumjua mtu, kanga mkononi hela mkononi, kila mtu na njia yake. Mali kauli unampa mtu mzigo kwa neno lake tu kwamba atakuletea hela, na hiyo unampa mtu unayejua kwao, unayemjua mama yake, ambaye akikukimbia unajua pa kumfuata. Dirisha la gemu kazi yake ni moja tu, kukuwezesha kufanya nipe nikupe na mtu usiyemjua aliyeko Brazil au Poland. Na utapeli karibu wote kwenye magemu, ukiuvua nguo zake, ni mtu anajaribu kukutoa kwenye nipe nikupe akupeleke kwenye mali kauli. Ukilishika hilo utaona hata mbinu ambayo hujawahi kusimuliwa unaitambua, maana unachouliza ni kitu kimoja, je kuna dakika ambayo yeye ana changu na mimi sina chake?

Mfano mzuri ni ule wa kupambiwa mavazi ya vita, huo ni wa zamani sana humohumo RuneScape. Mtu anasimama sokoni anatangaza, nakupambia vazi lako la chuma kwa dhahabu, bure kabisa, nipe tu nalifanyia kazi nakurudishia. Mtoto anaona wenzake wamevaa yale yenye nakshi ya dhahabu, anatamani, anampa, jamaa kapotea. Na ukweli ni kwamba enzi hizo hakukuwa na mchezaji yeyote kwenye lile gemu mwenye uwezo wa kumpambia mwenzake vazi, yale ya nakshi yalikuwa yanapatikana kwenye zawadi za kutafuta hazina tu. Angejua hilo asingempa. Kujua nini kinawezekana na nini hakiwezekani ndani ya gemu kunakulinda kuliko onyo lolote, mimi naamini hivyo kabisa.

Lakini je, kama ile kazi ni ya kweli? Kwenye gemu la World of Warcraft kuna mafundi kweli wanaoweza kuipa silaha yako nguvu za kichawi, au kukufungulia sanduku lililofungwa. Waliolitengeneza wakafanya kitu ambacho kila nikikiona nakipenda, chini kabisa ya dirisha la biashara kuna nafasi moja ya peke yake yenye maandishi kwamba kitu hiki hakitahama. Unaweka panga lako pale, fundi analifanyia kazi hapohapo mbele yako, wewe unamlipa, panga halijatoka mikononi mwako hata sekunde moja. Yaani ni kama fundi cherehani anakupunguzia suruali huku bado umeivaa. Uaminifu hauhitajiki tena, na ndo uzuri wake, sio kwamba wameweka polisi, wameondoa tu ile dakika ya mali kauli.

Kuna waliojaribu dawa kali zaidi. Januari 2008 Jagex walifunga kabisa biashara huru, ukawa huwezi kumpa mtu kitu cha thamani kubwa akakupa kidogo, tofauti ikizidi kiwango gemu linakataa. Lengo lilikuwa hasa wale wanaouza dhahabu ya gemu kwa hela halisi, ila na matapeli nao walikosa hewa. Tatizo ni kwamba hata kumpa rafiki yako zawadi ikawa shida. Wachezaji walilalamika miaka, mpaka ikapigwa kura, zaidi ya kura milioni moja, na Februari 2011 biashara huru ikarudi. Watu walijua hatari yake na bado wakaitaka, na mimi nawaelewa, soko lisilo na kupatana bei sio soko.

Twende kwenye hela kubwa sasa. Steam, duka la magemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, wale wa gemu la risasi la Counter-Strike, ambako skini ya bunduki au kisu, yaani rangi na urembo wake tu, inaweza kuuzwa kwa bei ya pikipiki. Desemba 2015 Valve wenyewe walisema kila mwezi akaunti kama 77,000 zinatekwa na kusafishwa. Sio za watoto tu, walisema ni pamoja na wachezaji wazoefu na wafanyabiashara wa vitu. Ndo wakaleta utaratibu wa kuthibitisha kila biashara kwenye simu, na asiyekuwa na hiyo vitu vyake vinashikiliwa siku kadhaa kabla ya kuhama.

Basi watu wakadhani wamepona. Hapana. Angalia jinsi ulivyoenda mtindo mmoja uliowaliza wengi baada ya hapo, nausimulia polepole maana ni wa kitaalamu kidogo.

Rafiki yako anakutumia ujumbe, oya tupigie kura timu yetu kwenye mashindano, na linki. Rafiki mwenyewe kumbe akaunti yake imeshatekwa. Unafungua, unaambiwa ingia na Steam, kinatokea kidirisha chenye nembo na anwani sahihi kabisa juu yake. Ila kile sio dirisha, ni picha iliyochorwa ndani ya ukurasa ifanane na dirisha. Jaribu kukikokota kwa mausi ukitoe nje ya ukingo wa brauza, dirisha la kweli linatoka, la kuchora linakwama pale ukingoni. Usipojaribu unaandika jina na paswodi, na hata ile namba ya siri ya kuingilia inayotokea kwenye simu unaiandika.

Afu hakitokei kitu. Vitu vyote vipo. Unasahau. Kumbe wameingia na kutengeneza kitu kinaitwa ufunguo wa API, yaani ruhusa ambayo programu inaitumia kuangalia biashara zako bila wewe kuwepo. Wiki mbili baadaye umepata mteja wa kweli, unamtumia biashara, na programu ya tapeli inaiona, inaifuta, inabadilisha jina na picha ya akaunti yake ziwe sawasawa na za mteja wako, inakutumia biashara nyingine inayofanana. Yote ndani ya sekunde chache. Unachukua simu, unaona jina lile, picha ile, unathibitisha. Umethibitisha mwenyewe kwa kidole chako.

Ila kuna vitu viwili asivyoweza kuvibadilisha hapohapo, tarehe aliyojiunga na Steam na levo yake. Mteja wako alikuwa na akaunti ya miaka minane, huyu wa kwenye simu amejiunga mwezi uliopita. Ndo maana vimeandikwa pale kwenye uthibitisho, na ndo vya kusoma, jina na picha achana navyo kabisa. Na kama hujawahi kutengeneza ufunguo wa API maishani mwako, nenda kwenye ukurasa wake ndani ya Steam ukaangalie kama upo mmoja. Ukiukuta, kwanza badilisha paswodi na utoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti yako, ndipo uufute, maana ukianza kuufuta ilhali tapeli bado yuko ndani anaweza kujaribu kutengeneza mwingine.

Julai 2025 Valve wameongeza kitu kwenye Counter-Strike 2, ukibadilishana vitu vinalindwa siku 7, ndani ya siku hizo aliyeibiwa anaweza kurudisha. Jambo jema sana. Lakini hebu lifikirie kwa upande wa mtu aliyenunua skini kwa hela ya mkononi kwenye simu. Hela haikupita dirishani. Muuzaji akirudisha biashara siku ya sita, skini imerudi kwake na hela yako anayo, na ingawa akaunti yake itafungiwa biashara siku 30, kuna watu siku 30 sio kitu kwao. Unaona, hela ikipita nje ya dirisha tumerudi kwenye mali kauli palepale.

Na huku kwetu biashara nyingi ziko hukohuko nje. Skini wengi hatuuziani, tunauziana akaunti, za gemu la mpira, za gemu la kupigana la kwenye simu, kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Mpwa wangu ana miaka 16, alikusanya elfu arobaini na tano, akapata akaunti ya gemu la mpira yenye wachezaji aliokuwa anawaota. Muuzaji akamwambia, "Broo tuma kwanza, mimi nshawahi kutapeliwa ndo maana siamini mtu." Hiyo sentensi nimeiona mara nyingi sana, anayekutapeli anakulilia kwamba yeye ndo anaogopa, na wewe kwa utu wako unaona aibu kumshuku. Kijana akatuma. Na cha kushangaza jamaa akatoa kweli, email na paswodi zikaja, akaingia, akacheza siku tisa, akawa ananionyesha, "Mjomba cheki kikosi."

Siku ya kumi paswodi imekataa.

Akaunti haifuati aliyelipia, inafuata aliyeifungua. Email ya kwanza, namba ya simu ya kwanza, risiti za manunuzi ya mwanzo, vyote viko kwa muuzaji, na akibonyeza "nimesahau paswodi" inarudi kwake hata baada ya mwezi, afu anamuuzia mwingine. Ukilalamika kwa wenye gemu unakuta masharti yao yanakataza kuuza akaunti, kwa hiyo kwa macho yao mwenye akaunti ni yuleyule. Ndo maana mimi akaunti nasema usinunue, hata kwa mtu mwaminifu, hakuna dirisha lake na halitakuwepo.

Wengine wanasema tumia dalali. Dalali mzuri yupo, anashika hela na mali mpaka pande zote ziridhike. Ila usimchukue dalali uliyeletewa na upande wa pili, na hata mkikubaliana jina la dalali anayejulikana, mtafute mwenyewe kwenye orodha ya grupu, usibonyeze jina alilokutumia mwenzako. Wanafungua akaunti yenye jina lilelile ila herufi moja imebadilishwa, i kubwa mahali pa l ndogo, kwenye simu hazitofautiani hata kidogo.

Na kama umeshapigwa, cha kwanza wapigie mtandao wa simu uliotumia kutuma hela, dakika hiyohiyo, kabla haijatolewa kwa wakala, maana ikishatolewa ni ngumu mno. Piga skrinishoti za maongezi yote kabla hajafuta, weka na namba ya muamala. Afu jiandae, watakuja watu wanakwambia wanaweza kukurudishia akaunti yako kwa ada ndogo. Mpwa wangu aliandika kwenye grupu saa mbili usiku kwamba ameibiwa, kufika saa nne walikuwa wameshamfuata inbox watatu, kila mmoja anataka elfu kumi, na kila mmoja anasema tuma kwanza.