Kikundi chetu cha historia Pangani kinafanya kazi gani hasa

Watu wakisikia Pangani, mji wetu wa pwani mkoani Tanga, kuna kikundi cha historia, hudhani tunawatembeza wageni Bomani na kuwasimulia habari za Bushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani. Kazi hiyo ina wenyewe, waongoza watalii, na wanaiweza kuliko sisi. Mimi kwa taaluma ni mtunza nyaraka. Wenzangu ni walimu wastaafu, mvuvi mmoja, seremala, na vijana wenye simu zinazopiga picha safi. Tunachofanya ni kusoma makaburi, kupiga picha karatasi zilizolala makashani, na kurekodi wazee. Halafu tunahakikisha kila tulichokipata kimeandikwa kimetoka kwa nani, lini, na mbele ya nani. Bila hayo, zinabaki porojo za barazani tu, hata zikiwa tamu namna gani.

Mwanachama mpya tunamwanzisha makaburini. Makaburi mengi ya zamani hayana maandishi, lakini yale yaliyoandikwa huwa kwa herufi za Kiarabu na mwaka wa Hijria. Onyo la kwanza: usisugue kwa brashi ya waya, usimwage siki, usipake chaki ili herufi zionekane. Chokaa na jiwe la matumbawe vinalika upesi, na utakachokisoma leo mjukuu wako hatakikuta. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, mwanga ukipita kwa ubavu. Herufi ambazo mchana huzioni kabisa zitasimama zenyewe. Penye kivuli cha mwembe tunatumia kioo cha kunyolea kuelekeza mwanga. Piga picha ya maandishi, na nyingine ya kaburi pamoja na majirani zake, kwa sababu aliyezikwa ubavuni mara nyingi ndiye anayekuonyesha huyu alikuwa wa ukoo gani.

Sasa tarehe. Chukua jiwe lenye mwaka 1306. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku kama 11, kwa hiyo huwezi kutoa namba moja ile ile kila mara. Njia ya haraka ni kuzidisha kwa 0.97 kisha kujumlisha 622. Utapata 1888 na ushei. Kwa usahihi zaidi, 1306 ulianza Septemba 1888 ukaisha Agosti 1889. Mtu wa Pangani akiiona miaka hiyo moyo unamdunda. Agosti 1888 ndipo Emil von Zelewski, wakala wa kampuni ya Kijerumani, alipolazimisha bendera ya kampuni ipandishwe hapa mjini, na watu wakainuka. Julai 1889 Wissmann, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akauteka mji kwa mizinga. Bushiri bin Salim alinyongwa hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, ambayo tayari ni 1307.

Kwa hiyo kaburi la 1306 lisilotaja mwezi linaweza kuwa la mtu wa vita. Linaweza pia kuwa la mzee aliyekufa kitandani kwa homa. Kijana wetu mmoja alitaka sana tuandike "shahidi", yaani aliyeuawa vitani, kwenye fomu ya kaburi la namna hiyo. Tulikataa. Jiwe limesema jina, jina la baba na mwaka, nasi tukaandika hayo matatu.

Kwenye makasha mambo ni mengine. Karatasi za familia za huku ni hati za mashamba ya minazi, barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, risiti za kodi, na tarehe za kuzaliwa zilizoandikwa ndani ya jalada la msahafu. Hatuchukui kitu. Tunapigia picha pale pale sebuleni, mwenye mali akiwa ameketi, kisha karatasi inarudi ndani ya kasha mbele ya macho yake. Najua makumbusho hupenda kupewa. Lakini familia ikishatoa, huwa mwisho wa kuulizana habari zake, na mimi nataka wajukuu waendelee kuulizana.

Na hapa niseme kwa herufi kubwa kama ningeweza: msipeleke karatasi ya zamani steshenari ikapigwe lamineshini! Joto lile linaikaanga wino, na plastiki haitoki tena. Nimeona hati nzuri zimekufa hivyo, kwa nia njema kabisa. Selotepu nayo ni adui, baada ya miaka gundi inageuka kahawia na kula maandishi. Bahasha ya karatasi, mahali pakavu, juu kidogo ya sakafu ili mchwa wasifike, inatosha. Glavu nyeupe za kwenye filamu hazina haja. Mikono iliyonawa na kukauka inahisi karatasi vizuri zaidi.

Kurekodi wazee kuna adabu yake. Huanzi na "ulizaliwa mwaka gani". Wengi hawakumbuki namba, wanakumbuka mambo. Ulikuwa umeshaolewa wakati wa Azimio la Arusha? Nyumba za Uhindini zilipochukuliwa na serikali mwaka 1971, wewe ulikuwa unakaa wapi? Vita vya Kagera vilikukuta na watoto wangapi? Kwa maswali matatu ya namna hiyo unampata mtu katika wakati wake. Waliokuja kama manamba, vibarua wa mkataba mashambani, wana kalenda yao ya mkonge, na ni haki yao. Mkonge wote wa nchi hii ulianzia Kikogwe, ng'ambo ya mto, ambako Richard Hindorf alipanda mwaka 1893 miche 62 iliyonusurika safari kutoka Florida kupitia Hamburg. Kufikia miaka ya 1960 mwanzoni nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Ukiwarekodi wenye majumba ya mawe peke yao, utatoka na mji usiokuwa na wafanyakazi.

Linalotutoa jasho zaidi ni utumwa. Pangani ilikuwa bandari ya misafara na mji wa mashamba ya miwa, na kila mtaa una nyumba mbili ambazo babu wa moja alimilikiwa na babu wa nyingine. Wanajuana. Hawasemi. Sheria iliyoufuta kabisa utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Kabla yake Wajerumani walitoa hati za uhuru mmoja mmoja, na wakatangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwisho wa 1905 ni huru. Hati kama hizo bado zimo makashani. Bibi mmoja alitufunulia yake, imekunjwa mara nne, akatuachia tuitazame, kisha akaikunja. "Mmeiona, wanangu. Picha hapana." Tukasema asante bibi, tukanywa chai, tukaondoka. Katika daftari letu hakuna jina lake wala mtaa wake. Kuna wasomi watakaotulaumu kwa hilo, na wana hoja, ila wao hawaishi hapa.

Kinyume chake ni masimulizi ambayo kila mtu anayasema bila kuulizwa. Maarufu kuliko yote ni la Boma, kwamba watumwa walifukiwa hai chini ya nguzo ili jengo liwe imara. Tunaliandika kama lilivyosimuliwa, na nani, mwaka gani. Hatuandiki kwamba lilitokea. Kwangu mimi simulizi hilo lina thamani hata bila mifupa, kwa sababu linaonyesha jinsi mji unavyoyatazama majengo yake.

Milango nayo ina mlinzi wake, japo wengi hawajui. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mlango na fremu yake vilivyochongwa kabla ya 1940, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Seremala wetu hupita mitaani akipima na kuchora nakshi, ili mlango ukitoweka usiku tuwe na cha kuwapelekea polisi.

Nakala zetu tunaziweka sehemu mbili, moja hapa mjini na nyingine mbali na chumvi ya bahari. Kila mtu aliyerekodiwa husaini fomu yenye chaguo la kusikilizwa na wote, na ukoo wake tu, au baada ya yeye kufariki. Asiyejua kusoma tunamsomea mbele ya mtu wake, na jibu lake tunalirekodi pia. Kila mwaka tunamrudia na kumuuliza upya, kwa kuwa watu hubadili mawazo. Mwaka jana mzee aliyekuwa amefunga sauti yake alituita mwenyewe tuifungue, kwa sharti tukate sehemu inayomtaja shemeji yake.