Je, wajua kwa nini pikipiki ya 150 haifiki 150?

Jumamosi asubuhi, gereji moja ya pikipiki Kisauni. Silinda ya Boxer 150 imelazwa juu ya gunia, imeshasafishwa kwa petroli, na mwenye pikipiki amechuchumaa kando yake. "Mjomba, hii kweli ni mia na hamsini?" Fundi hakubishana naye. Akampa venia, kile kifaa cha kupimia milimita, akasema, "Pima mwenyewe."

Nalipenda swali hili kwa sababu jibu lake halikulazimishi kumwamini mtu. Ile 150 hutaja ukubwa wa injini, nao ni nafasi ambayo pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, huipitia ikishuka kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Kile chumba kidogo kinachobaki juu yake, ambamo plagi huwashia moto, hakihesabiwi. Basi vipimo vinavyotakiwa ni viwili: kipenyo cha silinda, na mwendo wa pistoni.

Mwendo hupimwa kabla silinda haijatolewa. Hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, ikishafunguliwa, zungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ifike juu, uone iko umbali gani na mdomo wa silinda. Izungushe tena ishuke yote, upime kina kwa mkia wa venia, mahali palepale pa kichwa cha pistoni. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mwendo. Fundi alikuwa ameshauandika kwa chaki kwenye kibao: 58.8. Yule kijana naye akapata milimita 56 mdomoni mwa silinda.

Sasa hesabu, kwa sentimita. Kipenyo mara kipenyo: 5.6 × 5.6 ni 31.36. Zidisha kwa 0.7854, ambayo ni robo ya pai, upate 24.63. Zidisha kwa mwendo, 5.88, upate 144.8. Hizo ndizo sentimita za ujazo, yaani cc. Namba 150 ni jina tu, limepandishwa ili litamkike kwa urahisi. Magari ni vilevile: injini ya 1NZ-FE iliyomo katika Probox nyingi ina kipenyo cha milimita 75, mwendo 84.7 na silinda nne, jumla 1,497, nasi twaiita 1500.

Lakini angalia kipenyo kinavyozidishwa kwa chenyewe. Ukikosea milimita 0.1 kwenye mwendo wa Boxer, jibu lako linapotea kwa robo ya cc. Ukikosea kiasi hichohicho kwenye kipenyo, linapotea kwa nusu ya cc.

Na kipenyo kina siri yake. Mdomoni kabisa, ringi zinazoizunguka pistoni hazifiki, kwa hiyo pale silinda hubaki na ukubwa wake wa kiwandani. Teremsha kidole kidogo, utagusa ukingo mwembamba: hapo ndipo ringi ya juu inapogeukia. Pistoni husimama kwa nukta moja, oili haitandi vizuri, joto ni kali, na nguvu ya mlipuko inazisukuma ringi ukutani. Ulaji mkubwa huwa hapo. Tena konrodi, ule mkono unaoiunganisha pistoni na krankishafti (mhimili unaozunguka chini), ikiinama huikandamiza pistoni upande mmoja, basi silinda ya zamani huwa si duara tena. Imekuwa kama yai, kwa tofauti ndogo ambayo jicho haliioni.

Ndiyo maana fundi aliiweka kando venia na kuchukua geji ya silinda, ile yenye saa juu, inayosoma sehemu ya mia ya milimita. Alipima juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili: mara kufuata krankishafti, mara kuikata. Vipimo sita. Aliyepima mara moja mdomoni atasema silinda ni nzima, na pikipiki iendelee kula oili na kutoa moshi wa buluu.

Silinda ikishaliwa, hukerezwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi, ambazo kwa kawaida hupanda kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00. Kijana akapiga hesabu tena kwenye simu yake, safari hii kwa 57 badala ya 56: 5.7 × 5.7 × 0.7854 × 5.88. Ikatoka 150.04. Yaani Boxer ile itafika 150 kwenye pistoni yake ya mwisho, wakati ukuta wa silinda umekuwa mwembamba kuliko siku zote.