Mmea wa asili ni upi, na kiwavi anahusikaje?

Mwulize mtu wa Pwani akutajie miti ya asili, na mwarobaini hautakosa. Wengine wataongeza mzambarau na mkrismasi. Tumezaliwa tukaikuta, tena tunaipenda kwa dawa, matunda na kivuli. Lakini mwarobaini na mzambarau imetoka upande wa Bara Hindi, na kwao mkrismasi ni Madagaska.

Mmea wa asili ni ule unaoota mahali fulani bila kuletwa na binadamu, ukaishi na viumbe wa hapo kwa maelfu ya miaka. Hayo maneno "mahali fulani" yana uzito. Mwangati ni mti wa asili wa Tanzania, ila ni wa milimani, kama kule Shume, Usambara. Ukiupeleka Tanga mjini kwenye joto na chumvi ya bahari, huko nako ni mgeni.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye majani. Mimea mingi hujilinda kwa kemikali, na wadudu wengi hula ile ambayo ukoo wao umeizoea. Kipepeo atanyonya maua mengi yenye utamu, hata ya mmea wa kigeni, lakini kiwavi wake hali ovyo. Wanakijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Pwani ya Kenya, wanalijua hili kibiashara. Tangu mwaka 1993, kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede, wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa (kiwavi aliyejifunga kabla hajawa kipepeo) ng'ambo. Mfugaji asiye na majani anayoyataka kiwavi wa aina hiyo hana cha kuuza.

Mfano wa karibu uko kwenye mdimu. Tazama majani machanga na utaona kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye doa jeupe. Ni kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Mdimu asili yake ni Asia, naam, lakini ni wa jamii moja na mjafari wetu, na kiwavi huyu hula jamii hiyo. Kwa hiyo si kila mgeni ni jangwa. Ila mgeni asiye na ndugu hapa mara nyingi haliwi na mdudu, na ndiyo maana ua lililojaa wageni wa namna hiyo linaweza kuwa kijani mwaka mzima na bado ndege wakakosa chakula. Hata ndege wengi wanaokula mbegu huwalisha makinda wao wadudu.

Basi unapochagua mmea wa kupanda nyumbani, usiishie kwenye maua. Uliza nani hula majani, nani hula matunda, nani atajificha humo. Mshubiri hauhitaji nafasi kubwa, na unapochanua ndege wa chozi, wanyonyao maua, hawaupiti. Mjafari una miiba, kwa hiyo uweke mbali na njia ya watoto. Mchongoma wa Pwani ni ua zuri la kuzungushia nyumba, ndege hula matunda yake na hujenga ndani ya miiba. Lakini jina hilo hupewa mimea kadhaa, mingine ya kuletwa, kwa hiyo mwoneshe mtu anayejua miti kabla ya kununua. Mkuyu ni karamu ya ndege na popo, ila mizizi yake haina adabu karibu na msingi wala chemba ya choo. Achana nao kama kiwanja ni kidogo.

Majani yatatobolewa. Ukikimbilia dawa ya kupuliza umeshafuta kazi yote, kwa sababu hao wanaotoboa ndio uliowapandia.

Vitalu vya kando ya barabara huuza zaidi mimea ya mapambo ya kigeni. Mbegu za miti ya asili ulizia KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu) kwa Kenya na TFS (wakala wa huduma za misitu) kwa Tanzania. Mkwaju, kwa mwenye nafasi, hauhitaji hata safari hiyo: chukua kokwa za ukwaju wa sokoni ambao haujapikwa, zioshe, ziloweke usiku kucha, kisha zifukie kwenye kopo lenye matundu chini.