Fizi zinapotoka damu: je, mwili unakosa madini?

Fizi zangu hutoka damu nikipiga mswaki. Nina upungufu wa madini?

Inawezekana, ila hilo lisiwe la kwanza kulishuku. Mara nyingi kinachochokoza fizi ni utando laini wa bakteria unaojijenga pale jino linapokutana na ufizi. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake waliwataka watu wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Katika siku 10 hadi 21 fizi zao zilikuwa zimevimba. Waliporudia usafi, uvimbe ukapoa baada ya takriban wiki moja. Kwa hiyo kabla hujanunua vidonge, tazama namna unavyopiga mswaki, na kama unasafisha katikati ya meno, mahali mswaki usipofika.

Wengi wakiona damu huacha kugusa sehemu hiyo. Ndiyo kwanza utando unazidi kuwa mnene. Endelea kusafisha, kwa mkono mwepesi na mswaki laini.

Basi chakula hakina kazi?

Kinayo, na kubwa. Bakteria wanaanzisha ugomvi, lakini ukubwa wa madhara hutegemea pia kinga ya mwili na uwezo wake wa kujikarabati, na vyote viwili hujengwa na chakula.

Mfano ulio wazi kuliko yote hautokani na madini bali vitamini C. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutengeneza vizuri kolajeni, protini inayoshikilia fizi na mishipa midogo ya damu. Ikikosekana kwa miezi, huja kiseyeye: fizi huvimba, hutoka damu, na meno hulegea. Mwaka 1747 daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila jozi ikapewa tiba yake. Waliokula machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Siku hizi kiseyeye ni nadra, ila humpata mtu asiyegusa matunda wala mboga kwa muda mrefu. Wavutaji sigara nao huhitaji vitamini C zaidi ya wengine.

Madini yenyewe ni yapi?

Kalsiamu na fosforasi hujenga mfupa wa taya unaoyashika meno. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, pamoja na vitamini D ili utumbo uweze kuifyonza. Lakini ugonjwa wa fizi ukishaula mfupa, kunywa kalsiamu hakuurudishi. Nasisitiza hili kwa sababu vidonge hivyo hununuliwa sana kwa tumaini hilo.

Zinki husaidia kinga na kupona kwa vidonda. Hata hivyo, ukimeza nyingi kwa muda mrefu, huzuia mwili kufyonza shaba, na kinga hiyohiyo ikadhoofika. Upungufu wa madini ya chuma huonekana kinywani kwa fizi kupauka, ulimi kuuma na pembe za mdomo kupasuka. Floridi hulinda jino lisitoboke. Kwa ufizi haina msaada mkubwa.

Nimesikia maziwa huleta ugaga kwa kuwa yana kalsiamu. Ni kweli?

Si kweli. Ugaga ni ule utando wa bakteria uliogeuka mgumu kwa kalsiamu na fosfeti zilizomo kwenye mate, na mate huwa nazo hata kwa asiyekunywa maziwa. Ukishaganda, mswaki hauubandui. Hukwanguliwa na daktari wa meno kwa vifaa vyake.

Nikisugua limau kwenye fizi nitapata vitamini C?

Kula tunda. Tindikali ya limau ikisuguliwa hula ngozi ngumu ya nje ya jino, na hiyo haioti tena.

Na sukari?

Huwalisha bakteria wa kwenye utando. Kuila kidogo kidogo mchana kutwa ni kubaya kuliko kuila mara moja pamoja na mlo.

Nimwone daktari lini?

Ukisafisha vizuri kwa wiki mbili na damu bado inatoka, nenda. Usingoje kama kuna usaha, jino linacheza, au ufizi umeshuka na kuacha mzizi wazi. Mwenye kisukari asichelewe hata kidogo: sukari ikipanda fizi huharibika, na fizi zikiugua sukari huwa ngumu kuidhibiti. Mvutaji sigara asijidanganye kwa kutoona damu, maana sigara hubana mishipa na kuficha dalili.

Ikiwa damu hutoka puani pia, au ngozi inapata mavilio bila kugongwa, usianzie kwa daktari wa meno. Nenda hospitali upimwe damu.